Mkono Ulioshika Mkasi

Chullapata, 9 Februari

Mjomba Eliseo,

Shikamoo. Sisi huku tupo. Mvua ya mawe imeyapiga maharage ya Bibi lakini viazi vimesalimika. Bibi mwenyewe, mama yako, macho yake sasa hayaoni zaidi ya kivuli, ila anamjua kila anayepita uchochoroni kwa hatua zake, na hakuna anayepita bila kusemwa. Satuka anaota magego. Hajalala vizuri tangu mwaka mpya, nami sijalala naye. Naandika huku nimembeba mgongoni, kwa hiyo usinihukumu mwandiko.

Habari zako tulizisikia kwenye redio ya duka la kampuni, tukiwa kwenye foleni ya unga. Yule msemaji akasema rais wa muda wa jamhuri ni Jaji Eliseo Zambrana. Jirani yangu Tiburcia akanigeukia, mbele ya watu wote, akaniuliza, "Si ndiye huyo mjomba wako aliyekuwa anaogopa bata?" Nikamwambia ndiye. Watu wakacheka mpaka muuza duka akazima redio. Bibi hakucheka nilipompelekea habari. Aliuliza kama huko Ikulu yupo mtu wa kukupikia supu isiyo na pilipili, kwa ajili ya tumbo lako. Kisha akauliza yule aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako yuko wapi sasa. 

Mume wangu Fermín wamemchukua. Ni tangu Januari, siku ya mgomo. Unajua yeye ndiye anaendesha winchi, na winchi isiposhuka hakuna mtu anayeshuka mgodini. Aliizima, akakaa juu yake akitafuna majani yake ya koka. Hakurusha hata jiwe. Sasa yuko kambini Oruro pamoja na wenzake, na kesi iko kwa wanajeshi.

Mjomba, sikuombi umfungulie mlango. Najua wewe ni mtu wa sheria, na marehemu mama yangu alinionya nisije kukufanya uchague. Nakuomba kitu kingine. Satuka ametimiza miaka miwili na nywele zake hazijaguswa, zimejisokota kama sufu ya kondoo. Njoo Jumamosi baada ya Pasaka umkate. Bibi amesema nikukumbushe, japo hujasahau, kwamba anayemkata mtoto nywele za kwanza anakuwa kompadre wa baba yake, ndugu kupita wa tumbo moja, na kompadre hamwachi mwenzake shimoni. Ni maneno ya Bibi hayo. Mimi nakuomba uje tu.

Mpwa wako,
Herminia

*

La Paz, 3 Machi

Herminia, binti ya dada yangu,

Nimefurahi kusoma mwandiko wako, hata huo wa mgongoni. Mbusu mama yangu mikono yote miwili. Mwambie supu ipo na haina pilipili, na haina ladha vilevile. Mwambie pia nimevaa fulana ya sufu aliyonifuma, chini ya huu utepe wa urais wa rangi tatu, na hakuna anayeiona.

Usidhani nilikitafuta kiti hiki. Walinikuta mezani na kitambaa shingoni. Watatu walikuwa na sare, mmoja alikuwa na miwani. Wakaniambia, Daktari, pande zote mbili zimekubali jina lako tu, kwa sababu hakuna upande unaokuogopa. Mke wangu, apumzike kwa amani, angecheka sana. Nimepewa kazi ya kukilinda kiti mpaka uchaguzi wa Septemba, kama mtu anayeachiwa kofia ya mwenzake kanisani. Nasaini karatasi. Napokea mabalozi. Alasiri natazama theluji ya mlima Illimani dirishani, ndiyo kitu pekee humu ambacho hakiniletei ombi.

Juu ya mume wako, jambo liko mbele ya mahakama ya kijeshi. Miaka yangu yote ya ujaji nilipigania kwamba mkubwa asipige simu kwa hakimu. Nikiipiga mimi leo, nitawaambia nini wale niliowafunga kwa kosa hilo hilo? Utanielewa.

Kuhusu nywele za mtoto, tutaona.

Mtafutie Satuka chai ya anisi kwa ajili ya fizi, nawe ulale mchana anapolala.

Mjomba wako,
Eliseo

*

Chullapata, 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Anisi imesaidia kidogo. Kulala mchana kutasubiri mtu mwingine wa kufua nguo za wahandisi. Bibi anakuombea, na kila akimaliza kukuombea anakusengenya. Amesema mtoto wake anajibu "tutaona" tangu alipokuwa na miaka sita, na mpaka leo hawajaona.

Ijumaa nilipanda garimoshi kwenda Oruro kumpelekea Fermín chakula. Nilikwenda na Tiburcia, maana mumewe Nicanor yuko selo moja na Fermín. Kambini kuna kapteni anaitwa Abdón Terrazas. Ndiye aliyekuja kumchukua Fermín nyumbani, na ndiye anayekagua vyungu. Huchukua kijiti na kukoroga supu yote mpaka chini, kutafuta barua. Nilimwambia supu yangu haikuhitaji mkorogaji. Akasema, "Mama, umetia viazi vya kugandishwa vingi mno, hata barua isingepata pa kukaa." Akakitoa kimoja kwa kijiti, akakila, akatulia. Akaniuliza kama nimevikanyaga mwenyewe mtoni kuvikamua maji. Nikasema ni Bibi. Akasema mama yake pia alivikanyaga hivyo hivyo, kwa miguu mitupu, kule kwao Carangas. Kisha akaona aibu, akafunika chungu, akanipa dakika chache na Fermín dirishani.

Fermín amekonda. Amesema anakula. Aliuliza kama winchi inalia ikishuka, maana fundi waliyemweka hajui kuitia grisi. Ndivyo alivyo. Sikumwambia lolote la wewe, naye hakuuliza.

Lakini Tiburcia alisikia kitu kwa mpishi wa kambi, akaniambia kwenye treni ya kurudi nilipomshika bega. Kuna karatasi imetayarishwa ya kuwapeleka wote kule chini msituni, kwenye makambi ya kugema utomvu wa mpira. Mjomba, wewe unajua kuliko mimi mapafu ya mtu wa huku juu yanafanywa nini na homa ya kule. Waliopelekwa mwaka juzi amerudi mmoja, na huyo hasemi. Mpishi amesema karatasi ina kila kitu isipokuwa saini ya rais.

Sitakuuliza kitu. Nakwambia tu kwamba Jumamosi ya nywele haijasogea, na kwamba rais wa jamhuri ambaye kompadre wake yuko kwenye orodha atakuwa na sababu ya kuiweka kalamu chini, na hakuna mtu wa nchi hii, awe na sare au asiwe nayo, atakayemshangaa.

Herminia

*

La Paz, 30 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Uniwie radhi, barua hii imepigwa taipu na karani wa Ikulu, mkono wangu una baridi yabisi. Nakutakia heri ya Pasaka, wewe, mama yangu, na mtoto.

Shughuli za taifa haziniruhusu kusafiri. Hata hivyo, ili mila ya familia isivunjike, nimeagiza afisa wa jeshi kutoka Oruro aje Jumamosi hiyo kwa niaba yangu. Atashika mkasi kwa jina langu, kama wakili anavyosimama kwenye ubatizo pale mzazi wa ubatizo anapokuwa mbali. Ataleta kondoo jike mwenye mimba na utepe mweupe. Maofisa wanaonizunguka wameona ni jambo jema, litaonyesha kwamba jeshi na wananchi wa migodini ni familia moja. Huenda gazeti likatuma mpiga picha.

Mengine uliyoandika sijayaelewa vizuri.

Wako katika utumishi,
Dkt. Eliseo Zambrana

*

Chullapata, 21 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kondoo amefika na yuko mzima. Mpiga picha hakuja, garimoshi lilikwama kwa maji. Satuka amekatwa nywele, kichwa chake ni kidogo kuliko tulivyodhani, na sasa anaogopa kioo.

Afisa uliyemtuma ni Kapteni Terrazas.

Alipoingia uani amebeba utepe, Tiburcia aliokota jiwe. Nilimshika mkono. Kapteni mwenyewe uso ulikuwa kama wa mtu aliyeagizwa kwenda kununua haradali akajikuta kwenye mazishi. Alituambia wote, kwa sauti ya gwaride, kwamba yeye si yeye, leo yeye ni Mheshimiwa Rais. Bibi akamwambia akae basi, Mheshimiwa, anywe pombe ya mahindi kabla haijachacha zaidi.

Tukamkalisha Satuka juu ya poncho ya Fermín, lile vazi lake la blanketi. Nikamfungia utepe kwenye kisokoto cha kwanza, kile cha utosini. Kapteni akashika mkasi. Ni mkono huo huo, Mjomba, uliokorogea supu yangu. Satuka akamshika kifungo cha koti, akakivuta, akamwangalia usoni bila kulia, yeye ambaye hulia hata akiona padri. Kapteni akakata.

Ndipo Bibi akauliza, "Nani ameshika mkasi?"

Akajibu, "Rais wa jamhuri, mama, kwa mkono wangu."

"Eliseo namjua, nilimzaa," Bibi akamwambia. "Mkono wake una kovu la jiko. Nipe huu wako." Akaupapasa, kidole kwa kidole, wenye nywele bado ndani. "Kanisani padri huandika jina, na jina linaweza kuwa la mtu aliye mbali. Huku hakuna anayeandika. Aliyekata amekata. Wewe mtoto wa Carangas, mama yako hakukwambia?"

Kapteni akauweka mkasi chini. Akasema, "Aliniambia." Akaitazama ile nywele kama vile angeweza kuirudisha kichwani. Mimi nikafanya linalotakiwa kufanywa, nikapiga goti, nikamwita kompadre. Naye ilibidi aniinue na kunikumbatia, mbele ya watu, mbele ya Tiburcia na jiwe lake. Alikuwa analia, au ni vumbi. Hakula. Aliondoka kwa miguu hadi stesheni na hakusubiri mkokoteni.

Kwa hiyo si wewe uliyekuwa kompadre wa Fermín. Ni mtu aliyemkamata. Nimekaa na jambo hili tangu Jumamosi na sijui nilicheke au nilie. Wewe umezaliwa kwenye nyumba hii. Nywele zako za kwanza ziko kwenye kibuyu kule juu ya boriti, Bibi amenionyesha. Ulisahau? Au miaka ya La Paz imekufanya udhani kila kitu kinaendeshwa kwa wakili?

Nijibu kwa mkono wako, si kwa taipu.

Herminia

*

Chullapata, 17 Mei

Mjomba,

Hujanijibu. Bibi hajambo. Satuka ana kikohozi. Kondoo amezaa. Hizo ndizo salamu, na zimetosha.

Ijumaa iliyopita malori yalikuja kambini Oruro. Sisi wanawake tulikuwa nje ya lango na vyungu vyetu, hakuna aliyetuambia, tulikuja tu kwa kuwa ni siku ya chakula. Waliwatoa uani wamefungwa wawili wawili. Fermín alikuwa amefungwa na Nicanor wa Tiburcia. Kapteni Terrazas akapewa karatasi asome majina. Juu ya karatasi, alisema, kwa amri ya rais wa jamhuri, Eliseo Zambrana.  

Alisoma majina, mtu akiitwa anapanda. Alisoma la Nicanor. Wakamfungua kutoka kwa Fermín, akapanda. Kisha kapteni akaikunja karatasi akaiweka mfukoni.

Kanali wake akamwambia bado mmoja. Tulikuwa karibu, tulisikia. Kapteni akasema, "Huyo ni kompadre wangu. Siwezi kumpandisha, kanali. Mpandishe wewe, au mtu mwingine yeyote, lakini si mimi, na nikiwa nimesimama hapa hapandi." Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kukanyaga mguu. Kanali akacheka, akawaamuru askari. Askari wale ni vijana wa huku huku juu, Mjomba. Kila mmoja ana nywele zake kwenye kibuyu mahali fulani. Wakatazama buti zao. Hakuna aliyesogea.

Kanali akamng'oa kapteni vyeo vya mabegani kwa mikono, nyuzi zikakatika, akamtupa selo, pamoja na Fermín, selo ile ile. Malori yakaondoka bila Fermín. Bila Fermín tu.

Unaelewa maana yake? Tiburcia alikimbia nyuma ya lori hadi darajani na chungu mkononi. Aliporudi alinipita kama jiwe. Tumekaa ukuta mmoja miaka yote hii, alimshika Satuka alipotoka tumboni mwangu, sasa hanisalimii, wala simlaumu. Mume wangu yu hai kwa sababu mtoto wetu alikatwa nywele. Mumewe alikuwa na kosa gani, isipokuwa kwamba mtoto wake alikwisha kukatwa na mjomba wa kawaida?

Nakuuliza mambo mawili, nataka majibu mawili. Ulisaini kwa mkono wako? Na ulipomtuma kapteni, yeye na si mwingine, ulijua atakuwa nani kwetu?

Herminia

*

La Paz, 8 Juni

Herminia,

Hii inakuja kwa mkono wa mpishi wangu, ambaye dada yake yuko Oruro. Usijibu kwa posta.

Magoti yananiuma. Mji una jua lakini ndani ya kuta hizi ni baridi ya kaburi. Juzi nilimkumbuka dada yangu, mama yako, alivyokuwa akinifukuzia wale bata ili nipite. Watu wanacheka lakini bata wale walikuwa wakali kweli.

Uliniuliza mawili. La kwanza umeliona kwa macho yako, sina la kuongeza, isipokuwa kwamba wale wenye sare walikuwa watatu chumbani na mmoja alifungua dirisha ili nisikie kikosi kinachojipanga uani. Waliniambia wananiachia uhuru wa kuchagua: wapelekwe msituni au wasimamishwe ukutani wapigwe risasi. Nikasaini msitu. Jaji gani huyu anayechagua baina ya vifo viwili na kuita huo uamuzi, sijui. Nimeandika hukumu maisha yangu yote, hiyo ningeitupilia mbali.

La pili usiniulize tena. Nikikwambia nilijua, basi yule kapteni amevuliwa vyeo kwa hila ya mzee aliyekaa kwenye zulia, naye hakuulizwa. Nikikwambia sikujua, basi mimi ni mtu aliyesahau kwao, na mama yangu yu hai kulisikia hilo. Chagua lolote utakaloweza kuishi nalo.

Sasa sikiliza lenye faida. Naweza kumtoa Fermín. Yeye peke yake, kimya kimya, kabla kanali hajapata lori jingine. Kuna mtu wa reli atakayemtia kwenye behewa la madini mpaka Arica, ng'ambo ya mpaka, nawe utamfuata na mtoto baadaye. Kapteni siwezi, kesi yake ni ya uasi, ikiguswa watajua. Nijibu "ndiyo" kwa mpishi, kwa mdomo, inatosha. Usiandike.

Eliseo

*

Chullapata, 20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika, kwa sababu "ndiyo" ni neno moja na langu si hilo. Mpishi wako ni mtu mwema, ataishona hii ndani ya pindo.

Siku ile barua yako ilipofika Satuka alikuwa na homa. Nilikaa nimemlaza kifuani na barua nimeikalia. Nikawaza Arica. Wanasema kule ni joto na kuna bahari, mtu hulala bila blanketi tatu. Nikawaza Fermín akifungua mlango. Nakwambia haya ili usidhani ni rahisi kwangu, au kwamba nimefundishwa na mtu.

Kesho yake nilikwenda kambini. Nilimnong'oneza Fermín dirishani. Hakuniuliza siku gani, aliniuliza kompadre je. Nikamwambia yeye hapana. Akageuka kule ndani, kapteni alikuwa amekaa sakafuni anashona kifungo, hana tena mtu wa kumshonea. Fermín akaniambia polepole, "Herminia, huyu bwana anakoroma kama winchi yangu. Nitamwachaje?" Akacheka. Alikuwa anasema kweli kabisa.

Basi jibu ni hapana. Usimtoe Fermín peke yake. Ukimtoa peke yake, nitamweleza nini mtoto huyu akikua na kuuliza aliyemkata nywele yuko wapi? Na Tiburcia nitampita vipi kisimani?

Wewe bado umekaa kwenye kiti. Umeniandikia kwamba unasaini karatasi. Saini nyingine. Najua rais anaweza kutoa msamaha, ulinieleza mwenyewe nilipokuwa msichana, ulisema ni kalamu ya mwisho ya nchi na hakuna hakimu juu yake. Andika ya wote, wa msituni, kapteni, na Fermín awe wa mwisho kwenye karatasi. Watakutoa, najua. Labda watafanya zaidi ya kukutoa. Nimelia nikiandika sentensi hiyo na sijaifuta.

La pili sitakuuliza tena. Nimelifikiria jinsi ulivyoniagiza nichague, nimeona siwezi kuchagua nikiwa peke yangu. Ukisaini nitajua ulijua. Usiposaini nitajua umesahau. Bibi anasikia ninavyoandika, ameniambia nikuandikie kwamba anakupenda kwa vyovyote vile. Mimi pia, lakini mimi nataka ile saini.

Herminia

*

Puno, ng'ambo ya ziwa, 25 Julai

Herminia,

Nipo Peru. Niko hai, nimevaa nguo za mtu mwingine, fupi miguuni. Mwenye nyumba ni mjane anayenipa supu yenye pilipili kali mno, nami nainywa.

Siku ya mtakatifu wa jiji mabalozi wote walikuwa ukumbini, wapiga picha pia. Nilisimama kutoa hotuba waliyoniandikia. Nikatoa karatasi nyingine mfukoni, nikaisoma mpaka mwisho, majina yote, nikaisaini pale pale juu ya mgongo wa balozi mmoja kwa kuwa hapakuwa na meza, na kalamu ikatoboa karatasi. Nilimwomba radhi. Alasiri hiyo sikuwa rais tena. Walinipa muda wa saa moja kuchukua mswaki.

Magazeti ya huku yanasema mrithi wangu ameshindwa kuifuta, kwa sababu mabalozi waliisikia. Mengine yanasema ameifuta. Sijui nini kimetokea huko kwenu, na hakuna anayeniambia. Walifunguliwa? Kapteni je? Niandikie kwa jina la mjane, Señora Balbina Ticona. Niandikie upesi hata kama ni mabaya.

Mjomba wako

*

Chullapata, 30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako ilikaa kwa padri wiki tatu akiogopa kuileta. Bibi ameishika usoni akainusa. Anasema ina harufu ya ziwa. Ameniagiza nikuulize kama suruali hiyo fupi inafunika magoti.

Lango la kambi lilifunguliwa siku ya pili baada ya karatasi yako. Kanali alisubiri amri ya kuifuta, haikuja, askari wakachoka kusubiri pamoja naye. Fermín alitoka na kompadre Abdón wakiwa wameshikana, sijui nani alikuwa anamwegemea nani. Fermín anakohoa. Kampuni haimtaki kwenye winchi, wala mahali pengine. Kompadre hana jeshi tena wala pensheni, yeye na mkewe na wanawe wawili wamehamia kwetu, tunalala kama viazi guniani na wanagombana na Bibi juu ya chumvi. Jana alimkalisha Satuka begani akamwambia kuwa siku ile uani hakujua anashika nini. Satuka akamvuta sikio.

Nilisema ukisaini nitajua. Nimejua, sitaliandika.

Lakini hujauliza juu ya wa msituni, au umeogopa. Wanarudi, Mjomba. Hawarudi pamoja. Anashuka mmoja kwenye treni ya Jumatano, wiki nyingine hashuki mtu. Wamekuwa wa rangi ya nta. Wanne tumekwisha kuwaombea bila mwili. Nicanor hajaja, na wanaorudi kila mmoja anasema tofauti, huyu alimwona mtoni, huyu alimwona amelala kwa homa, huyu anaangalia pembeni.

Tiburcia huja stesheni kila Jumatano. Nami huja. Mara ya kwanza alisimama mwisho mwingine wa jukwaa. Mara ya pili pia. Leo Satuka alimkimbilia, akamng'ang'ania sketi, naye akambeba. Hajaniambia neno. Amekaa benchi moja na mimi, mtoto katikati amelala, kichwa kwake na miguu kwangu, ndiyo maana nimepata mikono ya kukuandikia. Fermín yuko nyumbani, nimemwacha amelala kwenye jua. Yeye haji hapa, anasema hawezi kuwatazama wanaoshuka.

Njoo wakati wowote. Hatuna kiti kizuri. Utamsalimia kompadre kabla yangu, umuombe radhi kwa mdomo wako, mbele yetu, kisha utakula.

Treni imelia kwenye kona. Tiburcia amesimama, amenipa mtoto. Sioni vizuri kutoka hapa, kuna wanaume wawili mlango wa nyuma, mmoja anamshika mwenzake. Tiburcia ameanza kutembea kuwaelekea. Amegeuka ananiita kwa jina langu nije naye.

Naishia hapa, Mjomba, naitwa.

Herminia